Kujigonga Uso, Ati Urembo!

Juma lililopita nilikuwa Bomeni, kule Taveta, kumjulia hali shangazi yangu. Mwanawe, mvulana wa kidato cha tatu, alikuja mezani shavu limevimba vibaya.

"Umepigana?" nikamwuliza.

"La, dada. Nimejigonga mlangoni."

Mlango gani huo unaomgonga mtu kila jioni? Usiku ukweli ulitoka. Alikuwa akijipiga mwenyewe mfupa wa shavu kwa kitako cha chupa, ati uso upate kuwa wa kiume!

Usicheke, msomaji. Mafunzo hayo aliyapata simuni, nayo yalianzia kwa wavulana wa Ulaya na Marekani wanaojiita "incel", yaani waliokosa wapenzi bila kupenda. Kwao thamani ya mwanamume ni taya lake, na wa kulaumiwa ni wanawake. Chuki hiyo imeua. Mwaka 2014 kijana mmoja aliua watu 6 huko Isla Vista, California. Mwaka 2018 mwingine, aliyemsifu huyo wa kwanza, aliwagonga wapita njia kwa gari mjini Toronto, wakafa 10 siku hiyo.

Kisingizio chao ni Julius Wolff, daktari Mjerumani wa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ni kweli, lakini huo ni mzigo wa miezi na miaka. Pigo si mzigo. Pigo hupasua mfupa, nao huenda ukaunga kombo, huumiza neva, na chini ya jicho mfupa ni mwembamba kama ganda la yai.

Hospitalini, picha ilionyesha mfupa haukuvunjika, ila mdomo wa juu ulikuwa umekufa ganzi upande mmoja.

Shangazi alifoka. Kijana akanyosha kidole dirishani, penye kopo la krimu ya kujichubua. "Na hiyo, mama?" Tukanyamaza. Baadhi ya krimu za namna hiyo zimepatikana na zebaki, ambayo huharibu figo.

Baadaye nilimwuliza kwa upole alianzaje. Akasema darasani humwita "uso wa chapati" tangu kidato cha kwanza. Shangazi hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Wewe je, mzazi, wako anaitwaje na wenzake?

Daktari atamwona tena mwisho wa mwezi. Nilipoaga, kopo halikuwapo dirishani, lilikokwenda sikuuliza.