Radhi za Mama, Mgongo wa Dada

Coventry, Uingereza

Kaka zangu na jamaa wote wa Kikwajuni,

Juzi nimetoka zamu ya usiku nikapiga simu ya video kumjulia hali mama. Dada alipokea, mkono wa kulia kaufunga kitambaa. Mama amekula? Kanywa dawa? Kidonda cha mgongoni kimekauka? Akanijibu moja moja. Katikati ya jibu simu ikalala, nikabaki naangalia pangaboi. Dada kapitiwa na usingizi, saa nne asubuhi. Mkono wake sikuuliza.

Kazi ileile mimi huku nalipwa. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mgonjwa asiyeweza kusimama hanyanyuliwi na mtu mmoja. Tunakuwa wawili, na mashine. Asubuhi ikifika naaga, nakwenda kulala. Dada humnyanyua mama kwa kifua chake, peke yake, tangu mama apooze, na zamu yake haina wa kuipokea.

Sheria ya England ya 2014 inaitaka halmashauri imwangalie na anayeuguza, kama ataweza kuendelea, si mgonjwa tu. Ipo na posho, hupewa anayeuguza saa 35 au zaidi kwa wiki (na ni ndogo, watu wananung'unika). Dada akianza Jumatatu alfajiri, Jumanne haijaisha keshazipita. Kwetu Zanzibar tangu 2016 ipo pensheni ya wazee waliotimiza miaka 70. Tunashukuru, lakini hiyo ni ya mama.

Dada mnamwambia ana bahati, anachuma radhi. Hata mimi nimemwambia hivyo, tena nimekaa kitako. Mama katuzaa watano. Mbona radhi mmemwachia mmoja, eti kwa kuwa hana mume? Akisema kachoka, hana subira. Siku akimfokea mama kisha akajifungia jikoni kulia, nyinyi hampo.

Pesa nitaongeza, apatikane mtu wa kumsaidia mchana. Usiku ndio mgumu, na usiku ni wenu. Kaka mkubwa, kutoka kwako hadi kwa mama ni mwendo wa dakika kumi. Kumwosha si kazi ya mtoto wa kiume, nakubali. Kumgeuza, kumpa maji na kukesha naye hakuna aibu. Nakuomba Alhamisi na Ijumaa ulale pale. Dada aende kwa shangazi, na simu aizime.