Anko, mimi sijagusa moto!

Mimi wiki hii nina mkasa, tena mkasa wenyewe nikiukumbuka naona soni.

Dada yangu alisafiri siku tatu, akaniachia mwanawe wa miaka minne. Nikajipa moyo, kupika uji kuna nini bwana? Nikabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, nikakoroga kwa kijiko kikubwa cha alumini, nikakiacha humohumo na kutoka kibarazani kusikiliza mpira redioni. Hazikupita dakika tano, nikasikia yowe!

Dogo kashika mpini wa kijiko. Kiganja chekundu. Nikambeba mbio hadi bombani, nikaacha maji ya kawaida yatiririke pale alipoungua kwa dakika 20. Mama jirani akaja anahema, mkononi ana dawa ya meno. Nikamwambia, "Asante mama, hiyo tuyaachie meno."

Maumivu yalipopoa, mimi nikaanza kufoka: "Si nilikwambia usiguse moto?"

Akanitazama, machozi yanamlengalenga. "Anko, mimi sijagusa moto. Nimegusa kijiko."

Jamani, niliishiwa pozi! Mtoto alisema kweli. Moto uko chini, kijiko kiko juu, na kila siku anamwona mama yake akishika mwiko bila kuungua. Angejuaje? Sisi wakubwa hodari wa kusema "usiguse", lakini kitu chenyewe kina tabia gani hatumwambii mtoto.

Kesho yake nikatafuta vitu vitatu vya urefu mmoja: kijiko cha alumini, mwiko mdogo wa mbao na kijiko cha plastiki. Juu ya kila mpini nikapaka siagi kidogo na kubandika harage moja. Nikavisimamisha kwenye kikombe, nikamketisha dogo pembeni, kisha nikamimina maji ya moto mwenyewe.

"Haya, harage lipi litaanguka kwanza?"

Akachagua la plastiki. Tukakaa kimya kama watu wanaosubiri penalti. Mara siagi ya kwenye alumini ikalainika, harage likateleza, likaanguka mezani. Mengine mawili yametulia tuli! Dogo akaruka juu, kidonda kasahau.

Nikamweleza kwamba joto linatembea. Kwenye alumini linakimbia, kwenye mbao na plastiki linajikongoja. Ndiyo maana mwiko ni wa mti.

Nikadhani nimemaliza. Wapi! "Mbona kuni ni mti na zinaungua?"

Msomaji, fizikia ya sekondari niliiaga kwa alama za kuonea huruma. Wakati nakuna kichwa, akadakia mwenyewe: "Lakini bibi anashika kuni na huku inawaka!"

Basi kajijibu. Mti unawaka, ila joto halipiti upesi, ndiyo maana bibi anausukuma mekoni kwa mkono mtupu. Kuwaka ni jambo moja, kupitisha joto ni jingine. Darasani niliambiwa hivyo nikakariri, siku hiyo ndipo nilipoelewa.

Toka hapo nyumba imegeuka maabara. Tumemwagia maji tambara, gazeti na mfuko wa nailoni tuone kipi kinanyonya. Tumetia vitu kwenye beseni, ufunguo ukazama, kipande cha ubao kikaelea. Sufuria tupu nayo ikaelea, hapo ubishi ukachukua nusu saa!

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto nyumbani, huhitaji hata senti. Kwanza mwulize anadhani itakuwaje, halafu jaribuni pamoja, mwache aone kwa macho yake. Ila maji ya moto ni kazi yako, na chupa za kioo weka mbali.

Dada aliporudi, nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu. Sikupata nafasi. Aliingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye sufuria iliyokuwa inachemka, dogo akamvuta kanga: "Mama, usishike! Hicho cha alumini, joto linakimbia!"

Dada akakiangalia kiganja cha mwanawe, akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Nami nikakumbuka kwamba kuna vyombo havijaoshwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima.