Njia fupi si kila mara njia salama

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Watu watano wa kazi moja wakipatana kusafiri kwa motokari moja, wanafanya vema. Esansi inapungua, na hakuna anayebebwa wa tatu juu ya pikipiki gizani. Lakini dereva amchukue nani kwanza? Kuwafuatanisha wenzake wanne kuna namna 24. Wakiwa sita, namna zinafika 720! Ndiyo sababu wataalamu wanaijaribu safari ya namna hii ndani ya kompyuta: mashine inapima njia nyingi kwa hesabu tu, motokari ikingali imesimama, kisha inachagua iliyo fupi.

Msaada huo ni mzuri. Lakini mashine haijui jambo isiloambiwa. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika barabara za Kalemie. Ramani ya zamani ingekupeleka majini. Tena, hesabu ya kilometa haioni kama dereva ametoka kazi ya usiku bila kulala.

Basi, kabla ya kufuata njia, ulizaneni: Dereva amelala vya kutosha? Barabara imeharibika wapi? Nani anaamshwa mapema kupita wote? Anayekaa mbali na atembee mpaka njia panda kukiwa kumekucha, kuliko motokari kuzunguka na wote kukimbizana na saa.

Mama, ukiona baba ana usingizi machoni, asishike usukani. Kuchelewa kunasameheka, maisha hayarudi.