Maumivu ya mama aliyejifungua si adhabu



Sokoni Bulambika huwa tunamwona mama mwenye mtoto wa juma moja kifuani na furushi la mihogo mgongoni, kamba ikimpita kwenye paji la uso. Tunamsalimu, tunampongeza kwa mtoto, tunapita. Akithubutu kusema kwamba tumbo linamkata, au kwamba usiku halali kwa hofu, hakosi mzee, na mara nyingine kijana, wa kumjibu kwamba ndivyo alivyohukumiwa Eva.

Jibu hilo tunalikataa, wala hatulikatai kwa kufuata mitindo ya siku hizi. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pio XII alizungumza na waganga juu ya njia zilizokuwa mpya wakati ule, zilizotoka Uingereza na Urusi, za kumpunguzia mama uchungu wa kuzaa bila dawa: kumfundisha mapema yatakayotokea mwilini mwake, kumzoeza kupumua kwa utaratibu, kumwondolea hofu. Alieleza kwamba maneno ya kitabu cha Mwanzo hayamkatazi mama kutafuta nafuu. Ikiwa hayamkatazi saa ya kuzaa, yatamkatazaje katika majuma yanayofuata?

Na nafuu ipo. Tumbo huuma baada ya kuzaa kwa sababu mji wa mimba unajikaza ili urudi katika ukubwa wake na kuzuia damu. Hujikaza zaidi mtoto anaponyonya, na mama wa mtoto wa nne huumia kuliko wa kwanza. Mama akielezwa hayo, haoni tena kila mkato kama dalili ya kifo. Aende haja ndogo mara kwa mara, kwani kibofu kilichojaa huongeza maumivu, aweke tumboni kitambaa chenye joto la kiasi, apumue polepole. Penye jeraha la chini, kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi husaidia siku ya kwanza. Baadaye aketi katika beseni safi la maji vuguvugu. Matiti yakijaa na kuuma, amnyonyeshe mtoto mara nyingi. Lakini maji ya kuchoma, na kukandwa tumbo kwa nguvu, tunasema hapana.

Tusieleweke vibaya: kidonge alichotoa muganga si udhaifu. Kusifu njia zisizo na dawa kusiwe kisingizio cha jamaa wasiotaka kulipa dawa. Tena damu ikitoka nyingi, homa ikipanda, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja ukivimba, au mama akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mvua imeharibu barabara.

Hofu ndiyo tunayoificha zaidi. Machozi ya siku za kwanza huwapata mama wengi na huisha ndani ya majuma mawili. Yasipoisha, ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa huzuni nzito. Kivu yetu inao ushuhuda wa namna ya kusaidia bila vidonge. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulifuatilia wanawake 405 wa vijiji 15, waliokuwa wametendewa au kushuhudia ukatili wa kingono. Wengine walikutana kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa humu humu waliopewa mafunzo. Wengine walisaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni au hofu kubwa walikuwa 9 kati ya 100 upande wa vikundi, na 42 kati ya 100 upande wa pili. Hawakuwa mama waliojifungua juzi, twajua. Lakini walikuwa mama na dada zetu, na kilichowasaidia kilikuwa vikundi vyenye kuongozwa na mtu aliyepewa mafunzo.

Huko pwani Waswahili humpa mzazi siku arobaini za kupumzika. Huku kwetu vita vimetawanya jamaa. Mama mkwe yuko Bukavu, dada amekimbilia Hombo, na maji hayajileti yenyewe nyumbani. Ninyi wa Xaveri na wa Kiro mna mikono. Wasichana wengi wanafanya kazi hiyo tayari kwa dada zao, bila mtu kuwashukuru, kwa hiyo tunasema zaidi na wavulana. Mvulana akibeba dumu la maji kichwani, wenzake watacheka. Wacheke. Jumapili hii, baada ya misa, ulizeni katika shirika lenu ni nani amejifungua mwezi huu, na nani hana mtu wa kumtekea maji.