Tahadhari Isiyo na Njia

Kila masika yakikaribia twasikia redioni maneno yale yale: wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari. Maji yakishaingia, hufuata maneno mengine: ati watu wa Rufiji ni wakaidi, walionywa wasisikie. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, umri wangu umevuka miaka sabini, na usemi huo umenichosha.

Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba darasa zima likishindwa mtihani, mwalimu asiwatukane wanafunzi kabla ya kuitazama kazi yake mwenyewe. Basi na tuitazame kazi ya hao wanaotuonya.

Kuchukua tahadhari ndiyo kufanya nini? Kuhama leo au wiki ijayo? Kwenda wapi? Maji yataishia mashambani au yatafika mlangoni? Mto wetu hupokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mvua inayotuzamisha yaweza kunyesha mbali, huku kwetu anga ni jeupe. Kwa hiyo habari za huko juu ndizo onyo lenyewe. Na tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa Desemba 2022, kujua mapema maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani ni haki ya kila mkulima aliye chini yake.

Ama huo ukaidi, hebu tuuchunguze. Hakuna akaaye bondeni kwa kupenda kuzama. Mafuriko huleta rutuba, na maji yakipungua mkulima hupanda mazao ya mlao katika udongo wenye unyevu. Wazee wetu walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakalinda mazao yao humo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu vijiji vya juu, lakini wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa kuwa chakula chao kiko huko. Anayesema "hameni" bila kusema watu watakula nini hajaonya. Ametoa amri ya njaa.

Onyo la kweli lina mambo manne: lini, kiasi gani, pa kwenda, na nani wa kumwuliza. Kila kijiji kiwe na nguzo mtoni yenye alama za rangi. Maji yakifika alama ya kwanza, mbegu na mifugo vipelekwe juu. Ya pili, waondoke wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto. Ya tatu, asibaki mtu. Mitumbwi ya kuvushia watu ijulikane mapema, na ufunguo wa shule iliyo mahali pa juu usiwe mfukoni mwa mtu aliyesafiri.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuhame mchana, si usiku wa manane. Tusivuke maji yaendayo kasi hata yakiwa ya magotini, maana humwangusha mtu mzima, na mamba hawachagui. Maji ya kunywa tuyachemshe, kwani vyoo vikifurika kipindupindu hakiko mbali.

Wako watakaosema haya yana gharama. Gharama gani? Nguzo, kopo la rangi, na mtu wa kupiga simu kutoka juu ya mto kuja chini? Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji, nyumba na mashamba yakaenda. Mwezi huo huo Bunge liliambiwa kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Hiyo ndiyo gharama.

Siku mambo hayo manne yatakapotimizwa, na mtu akabaki bondeni kwa kiburi, mwiteni mkaidi, nami nitaitikia. Kabla ya hapo, neno hilo limezeni.