Kilo 320 zikisomeka 1,200: Mifumo ya pamba na dagaa Mara ijifunze nini kwa Haskell?

Musoma. Tuseme mkulima wa Bunda amepeleka pamba kilo 320 kwenye AMCOS yake, na bei ni Sh1,200 kwa kilo. Karani anaingiza taarifa kwenye simu, malipo yanatoka Sh384,000. Mkulima anaondoka ameridhika.

Kumbe aliyetengeneza mfumo alichanganya nafasi mbili. Bei imekaa kwenye uzito, uzito umekaa kwenye bei. Malipo hayakubadilika, maana 320 mara 1,200 ni sawa na 1,200 mara 320. Ila kumbukumbu za ghala zinasoma kilo 1,200. Kilo 880 hazipo, na wa kwanza kuulizwa ni karani.

Kwa nini mfumo haukushtuka? Kwa sababu kwake zote ni namba tu.

Kosa linakamatwa mapema

Hapa ndipo lugha ya programu ya Haskell ina cha kufundisha. Kompaila yake kuu, GHC, ilianzia Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mtengeneza programu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha.

Ukiieleza GHC kwamba Kilo ni aina moja na Bei ni aina nyingine, kisha ukazibadilisha nafasi, inagoma. Kosa linaishia mezani kwa fundi, halifiki ghalani.

Ulinzi huo haufanyi programu kuwa nzito, kwani tofauti hiyo hufutwa ukaguzi ukiisha. GHC ina hata funksheni maalumu iliyojengwa ndani yake, coerce, inayogeuza orodha nzima ya namba kuwa Kilo bila kazi ya ziada programu inapoendeshwa.

Hata hivyo, mlinzi naye hukosea. Nyongeza moja ya GHC, inayoruhusu aina mpya kurithi uwezo wa aina ya zamani, ilikuwa na tundu lililoripotiwa 2007: aina moja iliweza kupita ikijifanya nyingine. Lilizibwa 2014 kwenye toleo la 7.8, lilelile lililoleta coerce.

Sio mambo ya mbali

Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza huku nyingine ikisubiri vya metriki. Kwa wauza dagaa wa Musoma, wanaopima kwa ndoo, gunia na kilo, hatari ni hiyohiyo.

Haskell pia imefika jirani. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliwafundisha lugha hiyo wanawake wa Ethiopia na Uganda jijini Addis Ababa.

Je, Mara ihamie Haskell? Si lazima. Kotlin, inayotumika sana kutengeneza app za Android, nayo inaruhusu kutenganisha kilo na bei. Na hakuna kompaila itakayogundua mizani iliyochezewa.

Lakini Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na vijana watakaotengeneza mifumo hii wanaweza kutoka hapo. Wafundishwe hili mapema.

Nanyi viongozi wa AMCOS, kabla ya kulipia mfumo mpya, muulizeni fundi swali moja: nikiweka bei mahali pa uzito, nani atanizuia, na lini? Akijibu "karani atakuwa makini", msilipe kwanza.