Santuri Ilimkuta Siti Yu Tayari

Ndugu zangu wa Jadida, hapa Pemba, na nyote mnaosoma haya mkiwa Wete, Unguja au ng'ambo, nataka tuzungumze juu ya sauti za watoto wetu. Baada ya Isha hapa mtaani petu hukosi kusikia kijana akiimba, na wapo waliojaliwa sauti ambazo Mwenyezi Mungu hakuwapa wengi. Wimbo hutungwa asubuhi, alasiri ukatiwa kwenye simu, usiku umeshawafikia jamaa Maskati. Wepesi huo siulaumu. Nalaumu pupa, na nawalaumu wazee wenzangu tunaoitazama pupa hiyo tukanyamaza. Ndiyo maana nimeona niwakumbushe habari za marehemu Siti binti Saad, mwanamke ambaye wengi humtaja kwa fahari na wachache huijua njia aliyoipita.

Bi Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, utumwa ungali halali katika nchi. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na yeye mwenyewe jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, lakini amri haiondoi dharau vinywani mwa watu. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Binti akijitwika vyungu na kuvinadi njiani, na sauti ikatangulia mbele yake hata watu wakajua anakuja kabla hajaonekana. Shule hakusoma. Hata chuo cha Kurani hakukipata utotoni. Mwaka 1911 akaingia mjini.

Santuri yake ya kwanza ilitiwa sauti mwaka 1928. Vijana, hesabuni wenyewe: ni miaka 17 tangu aingie mjini. Mwanamke mwenye sauti iliyokwisha kusifiwa tangu enzi za vyungu, miaka yote hiyo alikuwa akingoja nini?

Alikuwa akijifunza. Mwanamuziki Ali Muhsin alimsikia, akamfundisha kuimba kwa kanuni na kupiga ala. Kisha akawa pamoja na mafundi kama Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsamu na Maalim Shaaban, watu ambao kila mmoja angeweza kumkosoa mwenziwe usoni na kesho wakakaa tena jamvi moja. Muziki wao ulikuwa taarabu, na taarabu ya siku zile ilikuwa ni ya Kiarabu. Ililetwa kutoka Misri kumtumbuiza Sultani Barghash katika jumba lake, na hata klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa mikononi mwa waungwana wa mjini. Mwanamke asiyejua kusoma aliyahifadhi mashairi ya Kiarabu kwa sikio, akayasahihisha matamshi yake mpaka wenye lugha yao wakamsikiliza bila kukunja uso. Akajifunza na nyimbo za Kihindustani. Baada ya hapo ndipo alipoimba Kiswahili, lugha ya wengi, kwa ufundi uleule ambao watu walidhani ni wa Kiarabu peke yake. Sioni katika historia ya muziki wetu tendo kubwa kuliko hilo, na lilikwisha kutendeka kabla mashine haijaijua sauti yake.

Kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa akisikiliza pembe ya gramafoni, ndiyo iliyowasafirisha Siti na wenziwe mpaka Bombay. Alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, akielekea hamsini. Na tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana vijana wetu hawaijui. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukamalizika kwa dakika tatu hivi. Wimbo ambao barazani ungeimbwa mpaka watu wakatosheka, ilibidi ukatwe uenee humo bila kupoteza maana. Sauti ilichorwa juu ya nta, na nta ile ukiipiga kujisikiliza, umeiharibu. Mwimbaji akikohoa, au mpiga udi akiteleza, hapakuwa na la kurekebisha: nta inawekwa kando, inaletwa nyingine, wanaanza upya. Mbele ya kazi ya namna hiyo asiyejua huumbuka papo hapo. Siti hakuumbuka. Zile santuri ziliuzwa kwa maelfu pwani yote, na kampuni nyingine zikaja mbio Afrika Mashariki kutafuta waimbaji, zikiwa zimeona kwake kwamba Kiswahili kina soko.

Lakini ufundi pekee usingemfikisha huko. Nyumbani kwake, katika mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, watu walikusanyika usiku, wakaja na habari za mchana: nani kadhulumiwa, nani kafungwa, nani kala mali ya nani. Habari hizo zikawa nyimbo. Mashuhuri zaidi ni wimbo wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni mwenye mimba, aliyetoka Dar es Salaam. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawashukia wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Wanyonge walilijua jambo hilo na hawakuwa na mahali pa kulishitaki. Siti akaliimba kwa majina, santuri ikalibeba mpaka mahali ambapo hakimu hakutarajia. Nawauliza waimbaji wetu wa leo, kwa mapenzi na si kwa kejeli: katika nyimbo mlizotoa mwaka huu, ni ipi inayomtaja mchumaji wa karafuu aliyeanguka mkarafuuni, au mjane aliyenyang'anywa shamba? Mapenzi imbeni, hata Siti aliyaimba. Lakini mji huu una mambo mengine.

Walimtukana pia. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, na kuuliza kama si sauti angekula nini. Yeye alijibu kwa kuimba kwamba uzuri wa sura au ukubwa wa nasaba haufui dafu pasipo akili. Kijana anayefuta wimbo wake kwa sababu watu watatu wamemcheka kwenye simu na ajifunze hapo.

Najua nitakaloambiwa. Wataniambia zama zile kampuni ndiyo ilikuwa na ufunguo, na sasa mtoto wa masikini hamhitaji Mzungu wala bwana mkubwa ili asikike. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila mlango kufunguka si sawa na kuwa na la kusema ukishaingia. Sisi wa Pemba tunajua kwamba karafuu ikitiwa guniani kabla haijakauka huharibika yote, hata ile iliyochumwa vizuri. Sauti nzuri iliyotolewa mbichi nayo watu huionja mara moja wakaiacha, na mwenye sauti akabaki kulaumu watu.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa sisi wazee. Siti alimpata wa kumfundisha. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akaibeba elimu hiyo mpaka majukwaa ya Ulaya, akapewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 na akafariki mwaka 2013 angali mwimbaji. Mtoto wa Jadida amsikilize nani? Wanaozijua ngoma zetu za kibati na msewe wapo miongoni mwetu, na tunawaita mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe, wacheze mbele ya wageni kisha warudi makwao. Mzazi akimwona mwanawe anaimba humwita mhuni; wimbo ukipendwa humwita mwanangu. Huo si uungwana.

Basi nasema hivi. Jioni moja kila wiki, katika baraza yoyote itakayokubaliwa hapa Jadida, mzee mmoja mjuzi wa kibati aketi na vijana wanaotaka kuimba. Awafundishe mipigo na namna ya kujibizana kwa maneno bila kupungukiwa. Kitabu cha Shaaban Robert, *Wasifu wa Siti binti Saad*, kisomwe hapo kwa sauti. Mwandishi huyo alimkuta Bi Siti mwenyewe akiwa hai, mwaka uleule wa 1950 ambao Bi Siti alifariki. Simu za vijana ziletwe, na kwa miezi ya mwanzo zisirekodi wimbo wa kijana yeyote. Zirekodi maneno ya nyimbo za wazee, pamoja na jina la mtungaji na habari ya tukio lililoutoa wimbo. Gharama ni kahawa na jamvi, na kahawa naahidi kuitoa mimi.